Majani ya Kukanyaga

Mke wangu amelelewa Kwimba, kwenye mji wa baba yake, ambao uwanja wake ulifagiwa kila asubuhi mpaka udongo ukabaki na michirizi ya ufagio tu. Kwao jani likichomoza uwanjani ni aibu ya mwenye nyumba, na mgeni akiliona atajua humo ndani kuna mvivu. Kwa hiyo siku nilipomwambia nataka kuotesha majani kuzunguka nyumba yetu ya Pasiansi, hapa Mwanza, na kwamba nitayanunua, aliweka ungo wa mchele chini akaniangalia kwanza.

"Kununua majani," akasema. "Mama yangu ameharibu mgongo akiyapalilia kwenye pamba, wewe unayanunua."

"Hayo ni majani mengine."

"Nshomile," akasema, akauchukua ungo wake akaendelea kupeta. Ndivyo anavyoniita nikifanya jambo analoona ni la majivuno ya Kihaya, na kwa miaka kumi na minane ya ndoa nimeshazoea. Mimi nami humwambia arudi Kwimba akale michembe yake ya viazi. Tunaelewana.

Sababu yenyewe sikumwambia siku ile, kwa kuwa hata mimi nilikuwa sijaisema kwa sauti. Sababu ilikuwa mama yangu.

Mama alikuwa amekaa nasi wiki tano. Tulimtoa nyumbani, upande wa Muleba, baada ya kuanguka kwenye migomba. Alitoka asubuhi kwenda kukata ndizi, akateleza, akabaki pale chini mpaka jirani yake alipokuja kumjulia hali jua likiwa limeshapanda sana. Hakuvunjika mfupa. Lakini baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, ndugu zangu wote wako mbali, na mimi wa Mwanza ndiye wa karibu. Nilikwenda kumchukua nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi, maneno yote nimeyapanga. Hakunipa nafasi ya kuyatumia. Alisema atakuja kukaa mpaka kahawa ziive, akafunga mlango, akampa jirani ufunguo, tukapanda basi. Kwenye daraja la Busisi abiria wote waligeukia madirishani kutazama maji. Yeye alikuwa amefumba macho, na hakuwa amelala.

Nilichokuwa nakitaka ni abaki. Sikutaka siku moja nipigiwe simu kwamba ameanguka tena na safari hii hakupita mtu. Yeye alitaka kurudi. Hakuna aliyelileta jambo hilo mezani, ila kila mmoja alijua mwenzake anataka nini. Kwetu tuna adabu ya namna hiyo, na mara nyingine inatuponza.

Kilichokuwa kinanitisha ni kwamba halalamiki. Alikula chochote alichowekewa. Alishukuru kwa kila kitu, hata kwa maji ya kuoga, na mama yangu si mtu wa kushukuru ovyo. Asubuhi alitoka akakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, akautazama uwanja: changarawe, udongo mwekundu, na yale mawe makubwa ya Mwanza ambayo fundi alishindwa kuyaondoa, tukajenga kwa kuyazunguka. Ikifika saa nne changarawe inachoma. Siku moja nilimwona anavua ndala, anashusha mguu mmoja chini taratibu, anautoa, anaurudisha kwenye ndala.

"Vipi, mama?"

"Hamna kitu, baba. Nilikuwa natafuta pa kukanyaga."

Jioni hiyo nilianza kuulizia majani.

Barabara ya uwanja wa ndege haikosi wauza miche. Niliyemwendea ni mama mmoja mtu mzima, miche yake kaipanga chini ya wavu mweusi, naye kakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikampa simu yangu aone picha ya bustani ya hoteli moja ya ufukweni tuliyokwenda kupigia picha za harusi ya mpwa wangu. Majani mororo, mafupi, rangi moja mwanzo hadi mwisho. Aliitazama kidogo tu akanirudishia.

"Nani atayakanyaga?" akauliza.

Sikutegemea swali hilo. Nikamwambia ni mama yangu.

"Ana umri gani? Anatembea vizuri?"

"Anatembea. Ila alianguka."

"Jua lipo?"

"Siku nzima. Kivuli ni nyuma ya mawe tu."

"Na maji?"

Nikamwonyesha ziwa kwa kidole, maana lilikuwa linaonekana nyuma yake, jeupe kwa jua.

"Hilo na mimi naliona," akasema. "Nauliza bomba."

Nikakiri kwamba bomba letu hutoa maji siku mbili tatu kwa wiki, na siku nyingine linatoa upepo. Akatikisa kichwa, akainuka, akanitembeza. Kulikuwa na kapeti, lenye majani mapana, linalovumilia kivuli lakini halipendi kiu. Kulikuwa na paspalamu, zuri kwa viwanja vya chini kabisa vinavyotuamisha maji. Kulikuwa na pemba, ndiyo yale ya kwenye picha, jani jembamba, laini, linalofunga kama zulia lakini linakwenda polepole na linataka kulelewa. Mwisho akanifikisha kwenye ukoka, akasimama.

"Kwa ulivyonieleza, wewe ni mtu wa ukoka. Unastahimili jua, unastahimili miguu, maji yakikatika wiki hauna habari. Na mwingine utaupata bure barabarani."

Lazima niseme ukweli, niliudhika. Mtu nimesoma, nimejenga, nimeweka vigae mpaka jikoni, halafu mwanamke aliyekaa juu ya ndoo ananiambia mimi ni mtu wa ukoka. Nikafikiria pia mke wangu atakavyocheka nikimletea nyumbani adui wa mama yake. Nikasema nataka pemba. Yule mama akasema sawa, baba, mteja ni wewe, akaanza kunipakia kwenye viroba, huku ananipa masharti ambayo nilikuwa naitikia bila kusikiliza: samadi iwe imeoza, maji asubuhi au jioni, na siku ya kukata usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wake.

Mke wangu alikubali kwa sharti lake mwenyewe. Hatua tatu kuzunguka nyumba zibaki udongo mtupu, za kufagia, ili nyoka akija aonekane kabla hajafika mlangoni. Tulitia kamba, tukapima. Halafu alinisaidia, na kwa jembe ananishinda mbali, hilo halina ubishi. Tulilima wote wawili Jumamosi mbili. Changarawe tuliyotoa ingetosha kujengea banda. Samadi ilitoka zizini kwa kaka yake, nayo ilikuwa bado ya moto kwa ndani. Nikasema itaozea humo humo ardhini.

Tukayachana yale mashina, tukayapanda moja moja, kila shubiri moja, tukayakandamiza kwa miguu. Mama alikuwa pale kwenye ngazi. Alitazama kazi yote, mikono mapajani, na mwishoni akatupa pole na kazi.

Mvua za masika zilitusaidia. Ila wiki ya tatu, kabla hata pemba halijaanza kutambaa, uwanja ukaota kila kitu kilichowahi kuliwa na ng'ombe wa Kwimba. Mchicha pori, mbigili, ndago za kila namna. Ndago ni jambo la kukatisha tamaa; unaling'oa jani, kiazi chake kinabaki chini kinakucheka, kesho kutwa kimechomoza tena. Mke wangu alijifunga khanga, akainama, akaanza kuzing'oa, na nilimwona ana furaha waziwazi.

"Ng'ombe wetu wamekuletea zawadi," akasema.

Maji tulibana. Maji ya kusuuzia nguo yalikwenda kwenye majani, ya kuoshea mchele yalikwenda kwenye majani. Nilikuwa natoka kazini, kabla sijavua tai nimeshika dumu. Ofisini wenzangu walianza kuniuliza mtoto anaendeleaje. Na kufikia mwezi wa sita, mashina yalikuwa yameshikana mikono karibu kila mahali, isipokuwa mabaka mawili matatu. Mama alianza kutoka peku asubuhi, umande ukiwa bado upo, anakwenda mpaka kwenye mawe na kurudi. Nilimchungulia kutoka dirisha la jikoni kila siku, chai inapoa. Nilikuwa na hakika nimeshinda.

Ndipo nikanunua mashine ya kukatia, ya kusukuma kwa mikono, na nikaharibu.

Nilitaka yawe mafupi kama ya hotelini. Nikashusha kisu mpaka mwisho, nikasukuma asubuhi nzima kwa raha, nikioga jasho. Nilipogeuka kutazama, nyuma yangu hakukuwa na kijani. Kulikuwa na vijiti vya njano na udongo kati yake. Nikampigia simu yule mama wa miche.

"Umekata kiasi gani?" akauliza.

"Nimekata."

"Nilikwambia theluthi."

"Uliniambia."

"Basi mwagilia, na hiyo mashine uifiche," akasema. Hakuwa mtu wa kumpigia mtu kelele, na nadhani kama angepiga isingeniuma hivyo.

Mama alikuja akasimama pembeni ya lile lundo la majani niliyoyakusanya. Akaokota kiasi cha kujaa mkono, akanusa.

"Unayapeleka wapi?"

"Shimo la taka, mama."

"Na haya yaliyobaki, kazi yake nini?"

"Ya kukaa. Ya kupumzikia. Ya kuangalia."

"Kuangalia," akarudia. Hakucheka, ila alirudi ndani na yale majani mkononi.

Kesho yake Jumapili nilimpelekea chai chumbani. Nilifungua mlango kwa bega, kikombe mkononi, nikaweka mguu wa kwanza ndani, na mguu ukaondoka. Nilijikuta nimekaa chini, chai kifuani, na chini yangu vigae vyote vimefunikwa majani ya pemba. Alikuwa ameyabeba kutoka kwenye lundo, khanga moja baada ya nyingine, akayatandaza chumba kizima.

Nilipaswa kuelewa mara moja. Nimekulia juu ya nyasi. Nyumba yetu ya Muleba nilipokuwa mdogo sakafu yake ilitandikwa nyasi, nyasi ndefu na laini ambazo mama alizikata mlimani akazileta kichwani, na siku ya kubadilisha nyumba nzima ilinukia. Nyasi kuukuu zilikwenda kwenye migomba, mpya zikaingia, na sisi watoto tulijitupa juu yake tukafukuzwa. Wageni walipokuja walivua viatu. Halafu nikaenda sekondari, nikakutana na watoto wa nyumba za sementi, na mtu aliponiuliza kwetu sakafu ikoje nilidanganya. Mshahara wangu wa kwanza wa maana niliupeleka kwenye sementi ya sakafu ya wazazi. Baba alifurahi. Mama alinishukuru vizuri sana, kwa maneno mengi. Nadhani shukrani zile zilikuwa za aina moja na hizi za maji ya kuoga.

Lakini asubuhi ile sikufikiria yote hayo. Niliona kigae chenye utelezi na mwanamke wa miaka sabini na sita aliyekwisha kuanguka mara moja. Nilikwenda kuchukua ufagio. Nilifagia kwa hasira, nikiongea, kwamba anataka kuvunja kiuno, kwamba hapa si kijijini, kwamba nitamwekea zulia akitaka. Yeye alikaa kitandani, kainua miguu ili nipitishe ufagio chini yake.

"Sawa, baba," akasema nilipomaliza. "Mwisho wa mwezi unikatie tiketi. Kahawa zimeiva."

Mke wangu alinisubiri koridoni. Alikuwa amesikia yote.

"Una akili wewe?" akasema kwa sauti ya chini. "Miezi minne huyu mama amekaa kama mgeni wa kanisani. Leo ndiyo amefanya kitu chake cha kwanza humu ndani, umekitoa na ufagio."

"Angeanguka."

"Umeanguka wewe. Yeye alikuwa amelala juu ya kitanda chake salama."

Nilitoka nikaenda kumwagilia vijiti vyangu vya njano, na niseme tu nilikuwa na aibu ambayo sijaipata tangu utotoni. Tiketi sikukata. Kila jioni nilisema kesho.

Jumapili iliyofuata mke wangu alitoka kanisani akachelewa kurudi. Alirudi na bodaboda, nyuma yake kafunga mzigo wa majani unaomzidi kimo dereva. Alikuwa ameyakata mwenyewe, kwenye viwanja visivyojengwa karibu na ziwa, na gauni lake la Jumapili limejaa mbegu za kunata. Alipiga goti kwa mama, akamwamkia, akamwambia: "Mama, yale ya mwanao ni mafupi, hayatandikiki. Nimeleta marefu. Majani mimi nayajua, nyumba ya baba yangu nimeiezeka pamoja na kaka zangu."

Mama alivuta unyasi mmoja kutoka kwenye mzigo. Akaukunja, ukavunjika kwa mlio. Akavuta mwingine. Halafu akaanza kucheka, na mama yangu akicheka hutikisika mabega kwanza, sauti inakuja baadaye.

"Mwanangu," akasema, "haya ni ya juu ya nyumba. Ukiyaweka chini utatuchoma makalio."

Na mke wangu, anayejua kila kitu kuhusu majani ya kuezeka, akayakalia ili kuhakikisha, akainuka upesi. Wakacheka wote wawili mpaka wakashikana mikono. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sikuruhusiwa kuchangia.

Wiki ile walitoka pamoja mara tatu. Mama alikuwa anatembea pembezoni mwa viwanja vya watu akiwa na mundu mdogo, anavuta, anakunja, ananusa, anakataa. Mke wangu ana subira na ng'ombe, ana subira na watoto wa shule anaowafundisha, lakini sikujua kama ana subira ya namna hiyo. Mwishowe walipata nyasi fulani, laini kiasi, zinaota kwenye kivuli cha ukuta wa mtu mmoja ambaye alifurahi kukatiwa bure. Mama akasema si zenyewe lakini zinaweza kuitwa zenyewe zikiwa mbali.

Habari ya vigae aliimaliza mke wangu. Alitandika mikeka miwili chini kwanza, akaishona pamoja, na nyasi zikaja juu yake, nene, zimelazwa zote kuelekea upande mmoja kama mama alivyoelekeza. Hazikwenda popote. Nilizijaribu mwenyewe kwa viatu, kwa soksi na peku, mama ananitazama.

"Ukiridhika utoke, tunataka kufunga mlango," akasema.

Wakati huo pemba lilikuwa linarudi. Nilijifunza kwa shida kile nilichokuwa nimeambiwa mapema bure. Nilikata juu, kidogo, mara kwa mara. Niliacha kuyarashia kila jioni. Nikawa natoa maji mengi mara mbili kwa wiki, yazame, mizizi iyafuate chini. Kwenye yale mabaka yaliyokataa kabisa, pale njia ya mama ilipopita kuelekea kwenye mawe, nilipanda ukoka, bila kumwambia mtu, asubuhi na mapema. Mke wangu aliugundua siku hiyo hiyo. Alisimama akautazama, akanitazama, akaendelea kuanika nguo, na huo ni wema ambao sitausahau. Ukoka ukafunga kwa wiki tatu na haujawahi kunisumbua tena.

Mama alipita juu yake peku kila asubuhi. Siku moja akasimama katikati, akatikisa vidole vya miguu.

"Haya yako ya kuangalia siyo mabaya," akasema. "Kwa mguu ni mazuri."

Mwisho wa mwezi ulifika. Hakuna aliyetaja tiketi. Mimi sikutaja kwa woga, na yeye sijui kwa nini hakutaja. Nilimsikia anaongea kwa simu na jirani yake wa Muleba karibu kila siku, Kihaya cha haraka, kahawa, kahawa, na kila niliposikia neno hilo nilitoka nje kuangalia majani. Jumatatu aliniita nyuma ya mawe, mahali pekee ambapo sikuwa nimepanda kitu kwa sababu ya kivuli cha nusu siku.

"Hapa lima," akasema. "Toa hii changarawe yote. Na samadi ya moto sitaki."

"Unataka kupanda nini?"

"Nyasi zangu. Nimeagiza."

Nikafurahi kwa kiasi. Nilidhani ni zawadi ya kuagia, vishina vichache vya kutuachia ili mke wangu awe anakata mwenyewe yeye akiwa ameshaondoka. Kwa kipimo cha mama wa miche, kiroba kimoja kinatosha eneo lile na kubaki. Nililima kwa uangalifu, nikachekecha udongo kwa mikono.

Alhamisi kondakta wa basi alinipigia nikachukue mzigo wangu stendi. Vilikuwa viroba vinne. Vikubwa, vimelowa, vimefungwa kamba ya mgomba, na udongo wake mweusi unavuja kwenye kona. Nilikodi bajaji. Nilifika nyumbani mgongo unauma na hali ya hewa yangu si nzuri, nikavitupa nyuma ya mawe kimoja baada ya kingine mbele ya mama.

"Mama, eneo lenyewe unaliona. Viroba vinne vya nini? Mlima mzima umehamia huku?"

"Si za mlimani," akasema. "Mlimani nilishaacha kwenda, magoti yalikataa. Hizi nilizihamishia pale mlangoni kwangu, baba yako akiwa hai, ili nikate bila kwenda mbali. Ukifungua mlango ndizo unazokanyaga kwanza."

"Na jirani ameng'oa zote hizi?"

"Nimemwambia ang'oe zote, asiache."

"Sasa kahawa?"

"Atachuma yeye. Na ndizi ale yeye, anilindie nyumba."

Nilisimama pale na kiroba cha mwisho mikononi. Nilikuwa bado na lile wazo langu la zawadi ya kuagia, na lilichukua muda kuondoka kichwani. Nikasema jambo la kijinga, jambo la mtu anayeshughulika na bustani.

"Lakini mama, hapo mlangoni pakibaki wazi pataota magugu tu."

"Pataota," akasema. Alikuwa ameshapiga magoti kwenye udongo, anafungua kamba. "Shika jembe."

Nikashika jembe, nikaanza kuchimba mahali ambapo palikuwa pameshachimbwa, kwa kuwa nilikuwa na furaha kiasi kwamba niliona haya kumtazama usoni.